Mgeni Aliyeomba Kibanja

Nakumbuka mchana mmoja kule kijijini kwetu Izigo, mwanangu, nikiwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba ya babu, akaingia mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi. Alisema ametoka Uganda, na kwamba baba yake ni mdogo wake babu, yule aliyevuka mpaka ujanani kutafuta kazi asirudi. Kihaya chake kilichanganyika na Kiganda. Babu akampa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote.

Ndipo akasema baba yake ni mgonjwa wa kutopona, na anaomba azikwe kwetu. "Kule tunakaa kwenye kibanja cha mtu, Tata waitu," akamwambia babu, yaani baba yetu, kwa heshima ya Kihaya. "Mzee anataka alale kwenye chake."

Kwetu kibanja ni migomba na mibuni inayozunguka nyumba, na ndani yake makaburi ya wazee. Ukishazika mtu wako pale, nani atakuondoa? Kaburi ni hati, na wajanja wanalijua hilo. Shangazi, dada yake baba, ambaye sidhani kama alimwamini hata mchungaji aliyembatiza, aliniinamia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akanong'ona. "Huyu amekuja tuugue."

Nikaona zamu ya elimu yangu imefika. Nilimvuta babu nyuma ya nyumba nikamhutubia. Kwamba Waganda nao wanalo neno kibanja, ila kwao ni sehemu unayoishi juu ya ardhi ya bwana mwingine. Kwamba Waswahili wana kiwanja, ndugu wa neno hilo hilo, nacho hupimwa, hujengwa, hata huchezewa mpira. Kwamba yote pengine yalitoka kwa babu mmoja wa zamani sana. Elimu ni bahari, na mimi nilikuwa nimelowa vifundoni.

"Kwetu hakuna kibanja cha mtu," nikahitimisha. "Mhaya gani anasema hivyo?"

"Mhaya aliyekaa kwenye ardhi ya mtu," babu akajibu.

Akaniambia neno likihama hubadilika kama watu wanavyobadilika, na hilo halimtishi. Lililomtia shaka ni kuombwa kaburi la mtu ambaye bado anapumua, naye mwenyewe hayupo. Tukarudi mbele. Babu hakukaa.

"Mlete akiwa hai," akamwambia mgeni. "Maiti haijibu maswali."

Mgeni aliondoka ameinamisha kichwa. Shangazi akasema hatutamwona tena, njia ya mwongo ni fupi. Nilikubaliana naye, ila kwa sababu za kitaalamu zaidi.

Majuma machache baadaye gari likasimama barabarani, akashushwa mzee aliyekonda, mgeni wetu amemshika mkono. Babu hakumkimbilia. Alimtazama kama unavyotazama samaki wa jana. Yule mzee naye hakusalimia. Alikagua migomba, akainua fimbo, akauliza kwa hasira nani aliuacha mgomba ukakaa juu ya njia ya kisimani.

"Nilikukataza," akamwambia babu. "Nikakuuliza, mama atapita wapi na mtungi?"

Babu akamwendea, akamshika mkono. Kisha akajibu kwamba mama alizoea kuzunguka. Wakabishana hivyo hadi mlangoni, wameshikana mikono. Shangazi akaenda kumenya ndizi bila kuambiwa. Tapeli anaweza kujifunza jina la ukoo. Ugomvi wa nyumbani hajifunzi. Mzee yule aliishi nasi miezi michache, na sasa amelala ubavuni mwa mama yao.

Mwanangu, bado ninawashuku wageni, umri haukunitibu. Nawe shuku, lakini kwa haki. Usimhukumu mtu kwa neno aliloliokota njiani, maana hata hayo unayoyaita yako yalitembea sana kabla ya kukufikia. Ardhi ya wazee usiitoe kwa huruma ya mchana mmoja, wala usimfungie mtu mlango kabla hajapata nafasi ya kuonekana. Kuuliza si ujinga; muulize mwenyewe, angali hai.

Mungu akupe jicho kali na moyo usiokauka. Na popote utakapozeekea, asikunyime mtu wa kugombana naye nyumbani.