Mfuniko wa Sufuria Kubwa

Mpishi wa kambi yetu ya mazingira hufagia uwanja kabla wanafunzi hawajaamka, na akiona jani limebaki nyuma yake hurudi kuliokota kwa mkono. Ana mwiko mrefu kama mpini wa jembe, hataki mtu auguse. Nikianza somo la tembo, hugonganisha masufuria makusudi, maana mwaka juzi walimmalizia shamba zima la mahindi huko Nata. "Fundisha swala, mwalimu," huniambia. "Hao wengine ni wezi."

Safari hii tulileta wanafunzi wa Nyamwaga, ambao tembo wamemwona kitabuni tu. Tulizunguka siku tatu bila kukutana na hata mmoja. Asubuhi ya kuondoka nilikuta uji unachemka wazi, majivu yanauingia. Uwanja wote ulikuwa umefagiliwa, ila katikati ulilala mfuniko wa sufuria kubwa, umewekewa jiwe juu.

"Mama, mfuniko unafanya nini pale?"

"Usiuguse," alisema bila kugeuka. "Yule mwizi kapita alfajiri, kaacha unyayo. Waite watoto waje waone kabla upepo haujaufuta."