Jumamosi za Wenye Hisa

Kila Jumamosi jioni, watu wenye hisa chache za kampuni moja ya simu walikutana kwenye duka la mjane mmoja, fundi cherehani. Marehemu mumewe alikuwa akiunganisha simu katika kiwanda cha kampuni hiyo, na ndiye aliyewashawishi wote wanunue hisa. Sasa simu zenyewe zilikuwa hazina wanunuzi, na bei ya hisa ilizidi kuporomoka.

"Shemeji, uza ungali unapata chochote," kinyozi alimwambia, akisogeza vitambaa apate pa kukaa. "Hii kampuni ni mahututi."

"Acha kumtia hofu," alidakia dereva wa lori. "Wanatoa simu mpya. Kaka yetu, mume wa shemeji, alikuwa akisema betri yao haina mpinzani."

"Alisema hivyo kwa sababu yake alipewa bure," kinyozi alijibu, na wote wakacheka, hata mjane mwenyewe.

Hakuuza. Walidhani ana matumaini, kumbe alishajua zamani kwamba hakuna kitu pale. Ila nyumbani watoto walikwepa kumtaja baba yao, wakiogopa kumliza mama. Hapa dukani, katikati ya ubishi, mumewe alitajwa kama mtu aliyechelewa kidogo tu kufika.

Kampuni ikafungwa, hisa zikawa si kitu. Jumamosi iliyofuata alipanga viti kama kawaida, lakini hakuna aliyekuja. Kinyozi alipita barabarani, akamsalimia kwa mbali.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri," alijibu, kisha akarudi kwenye cherehani na kuendelea kupinda suruali ya mteja.