Sinia la Futari kwa Bibi, Kikwajuni

Ndiyo mimi, msomaji wangu, yule mtoto wa kifafa wa Kikwajuni, nimerudi na stashahada ya uuguzi. Sikubebwa na mtu. Nilifagia wodi Maskati, nikajisomesha Dar es Salaam, na leo watoto wenye kifafa wanaletwa mbele ya meza yangu. Fomu inauliza kilianza lini, kinamjia mara ngapi, anameza dawa gani, anaishi na nani, anasoma au kaachishwa. Mimi nimeongeza swali langu: anakula na nani?

Wiki iliyopita mama mmoja wa Bububu aliinamisha uso. "Tunamtilia peke yake, Bi Nesi. Tunaliogopa lile povu la mdomoni."

Nikaikumbuka Ramadhani niliyokuwa na miaka tisa. Kwetu nako waliamini povu linaambukiza, basi nilikuwa na bakuli langu na kikombe changu, nikila jikoni pembeni ya mbuzi ya nazi. Nazi nimekuna mimi, tui nimechuja mimi, na vicheko vya wenzangu ukumbini navisikia kwa mbali. Siku moja Bibi akawatangazia wajukuu: anayefunga ndiye atakayekaa siniani. Hakunikusudia mimi, lakini nililidaka neno lile. Nikafunga siku tatu, na kila asubuhi kidonge changu nikakificha chini ya mkeka.

Siku ya tatu nikajipenyeza siniani. Muhogo wa nazi ulikuwa unatoa moshi, samaki wamepangwa juu. Jirani yetu muuza sambusa akanitazama. "Na wewe umefunga? Haya kaa, ila usivuke upande wako."

Adhana haijalia, nikaanguka.

Nilipozinduka adhana imeshalia, nimelazwa ubavu, ulimi unaniuma, watoto wamejibana ukutani na jirani anasema futari imwagwe. Bibi akaniuliza dawa iko wapi. Nikamwonyesha mkeka. Akaviona vidonge vitatu, akavikusanya kiganjani. Nilipopata fahamu sawasawa akaninywesha kimoja, akamega muhogo upande wangu, akala, kisha akanipa na mimi.

"Wewe saumu yako ni kidonge hiki, kwa saa yake," akaniambia. Halafu akawageukia wengine. "Anayeogopa kula na mjukuu wangu, kwake kupo."

Jirani alisimama pale kidogo. Kisha akanawa, akakaa, akamega. "Muhogo wenyewe hauna hata chumvi," akanung'unika.

Sikurudi tena kula jikoni, wala sikukosa tena kidonge. Watu huniuliza nilianzia wapi hata nikafika hapa. Mimi nilianzia siniani pale, na sioni haya kujisifu.

Bibi keshatangulia mbele ya haki. Ramadhani iliyopita nilialikwa kufuturu mtaa ule ule. Kila mtu alipewa sahani yake, akainamia simu yake. Watoto walikula vizuri, hakuna aliyetengwa. Lakini mkono wangu ulitafuta pa kumega pamoja na mtu, haukupaona.