Stika ya Bikira Maria Kwenye Simu ya Mama

Simu ya kupangusa ya mama yangu niliinunua mimi, na haikumaliza wiki kule Matombo kabla hajaibandika stika ya Bikira Maria, juu kabisa, karibu na kamera ya mbele. "Inalinda," akasema. Inalinda nini, jamani? Toka siku hiyo, akipiga au akipigiwa, kioo kinakuwa cheusi tii na hawezi kukata.

Nikamweleza. Pale juu kuna kihisi, kijidude kinachotoa mwanga usioonekana kwa macho. Ukiweka simu sikioni, mwanga unagonga shavu na kurudi, basi simu inazima kioo ili shavu lisibonyeze hovyo. Sasa stika inaurudisha mwanga muda wote, na simu inadhani shavu halijaondoka.

"Kwa hiyo nimbandue Mama wa Mungu kwa ajili ya shavu?"

Tukakubaliana awe anamwachia mwenzake akate.

Siku moja ikaingia simu kutoka Dakawa, mama wa binti niliyepeleka posa kwao. Nilikaa pembeni roho juu, maana jibu lilikuwa mkononi mwake. Mama akanimwagia sifa: naamka alfajiri, jembe haliniachi, mpole. Wakaagana vizuri, akaiweka simu mkekani. Ila yule mama ni mdogo kwake kwa umri, na mwenye adabu hamkatii simu mkubwa wake. Akasubiri.

"Eh! Nimekusifia mpaka nimeona aibu," mama akanigeukia. "Jembe unalijua wewe? Ile migomba nani kaipalilia? Na kulala! Binti wa watu namhurumia."

"Dada," ikasema simu pale mkekani, maana sauti yake ni kubwa balaa, "bado nipo."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama, mwanamke asiyeishiwa maneno, akajifunika uso kwa khanga.

Yule mama akacheka mpaka akakohoa. "Posa nimepokea. Mkwe anayesema ukweli hivi, mwanangu hatapata shida kwake. Ila huyo bwana aje kwanza, tunapandikiza mpunga."

Nilifurahi, nikakimbia Dakawa. Jua halijapanda vizuri, tope magotini, mgongo unawaka, nikamsikia mama mkwe juu ya tuta akipiga simu, kaweka spika.

"Dada, ulisema kweli. Ameshaulizia kivuli."

"Si nilikwambia?" mama akajibu, kwa furaha yote.