Nilipiga picha arobaini na moja kwenye filimu ya thelathini na sita, firigisi ya wazee ikaenda na maji

Wakuu, hamjambo nyote. Vijana, niaje.

Nimekuwa msomaji kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeudhika, kwa hivyo naandika. Haya yalinipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Kama kuna uongo humu ndani, ni ule niliowaambia wazee wangu wakati ule, na huo nitaukiri huko mbele.

Kilichoniudhi ni uzi wa juzi. Kijana anauliza ni app gani nzuri ya kuharibu picha. Ati anataka wekundu uingie pembeni na vumbi kidogo, picha ionekane ya zamani. Watu wakajaa kumpa majina ya app, nyingine za kulipia.

Kijana, mimi wekundu huo niliupata bure, na ulikaribia kunitenga na ukoo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Matulo, karibu na Webuye. Nyumbani kwetu ni Saboti, upande wa Kitale, ambako baba alipata shamba tukiwa wadogo tukahama. Matulo ndiko kwa babu. Aliyebaki pale ni mdogo wake baba, ambaye mimi namwita Baba Mdogo.

Kamera niliinunua Kitale kwa Bwana Jagat, Kalasinga mmoja aliyekuwa na duka la saa na redio. Ilikuwa ya mkono wa pili, lakini kwangu ilikuwa kama gari. Nilitaka siku moja nifungue studio. Nilitaka kuupiga mlima Elgon asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na akina mama wa soko la Cheptais na vitunguu vyao.

Shida ilikuwa filimu.

Bungoma mjini ungezunguka mpaka soli ya kiatu iishe. Wenye studio walikuwa nazo, lakini hawauzi. Nani akuuzie jembe halafu umnyang'anye shamba? Duka moja liliweka boksi la filimu dirishani karibu mwaka mzima. Nilipojikusanya na kuingia kulinunua, niliambiwa ndani hamna kitu, lile boksi ni la urembo.

Kwa hivyo ilikuwa lazima Kitale. Na kwa Bwana Jagat filimu zilikaa rafu ya juu, jua la saa nane likizipiga kila siku. Nikimwonyesha kwamba tarehe imepita, ananiangalia kwa huruma.

"Mwalimu, hii imepita mwezi mbili tu. Maziwa ikipita siku mbili, wewe nakunywa mala na nasema asante."

Nilinunua.

Ukimaliza kupiga, kazi bado. Picha za rangi hazikuoshwa kwetu. Bwana Jagat alizituma Eldoret, na wewe ukae wiki tatu ukiomba Mungu.

Sasa hapa ndipo ujanja wangu ulipoingia, na ndio ulioniua.

Filimu ina ulimi unaotoka nje ya kopo lake. Ulimi huo unauchomeka kwenye kijiti upande wa pili wa kamera, halafu unazungusha mara mbili tatu ukishikilia vizuri kabla ya kufunga. Mizunguko hiyo inapoteza picha mbili au tatu za mwanzo. Mtu mwenye akili anakubali hasara hiyo.

Mimi sikukubali. Nilikuwa najifunika blanketi mbili ili mwanga usiingie, nachomeka ncha tu ya ulimi, kidogo kabisa, nafunga. Filimu ya thelathini na sita nikawa napata thelathini na nane, mara nyingine thelathini na tisa. Nilijisifu nayo staffroom kama mtu aliyegundua dawa.

Tuje kwenye kisa chenyewe.

Baba na Baba Mdogo walikuwa hawajasalimiana miaka kumi na moja. Baba alipohamia Saboti, mdogo wake alipanda miwa kwenye sehemu ya baba bila kumuuliza. Maneno yakatoka mabaya, ya kuhusu hata mama yao. Mimi nikaja kupelekwa kufundisha kilomita moja kutoka kwa Baba Mdogo, kwa hivyo nilikuwa nakula kwake Jumapili na kwa baba wakati wa likizo, na pande zote mbili sisemi kitu.

Desemba moja wazee wa ukoo wakawakalisha. Baba Mdogo akaja Saboti na mkewe na wazee wanne.

Kwa wasiojua, kwetu Wabukusu firigisi ya kuku haigombaniwi na watoto. Ni ya mwenye boma. Unaweza kumpa mgeni paja, mgongo, hata kuku mzima abebe, lakini firigisi ina mwenyewe.

Siku ile baba aliishika, akachukua kisu kidogo, akaikata katikati. Nusu akampa mdogo wake kwa mkono.

Baba Mdogo alipokea kwa mikono miwili, na yeye ni mtu mwenye kiburi. Mama akageuka upande akajipangusa macho. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yao na kamera, na nikabonyeza wakati mikono yao yote iko kwenye sahani moja. Nilijua nimepata picha ya maisha yangu.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kupigwa. Wakwe, kwaya ya kanisa, majirani waliokuja kushuhudia. Nikapiga mpaka thelathini na sita, kamera bado inakubali. Thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na moja. Nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilijiona fundi.

Wakuu wanaojua kamera za filimu wameshashika kichwa.

Jioni nilianza kurudisha filimu kwenye kopo. Kile kikono cha kurudishia huwa kinakuwa na uzito, unahisi kitu kinavutwa ndani. Siku hiyo kilizunguka kama kifuniko cha chupa. Nikajifunika blanketi, nikafungua, nikapapasa. Ulimi wa filimu ulikuwa umelala pale pale nilipouacha. Ncha ilichomoka kwenye kijiti tangu picha ya kwanza. Siku nzima nimepiga hewa.

Nilikaa kitandani nikasema neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema.

Halafu nikafanya kosa la pili. Niliwaambia picha zimeenda Eldoret.

Januari shule zikafunguliwa. Kila Ijumaa Baba Mdogo alikuja shuleni, anasimama nje ya staffroom na kofia mkononi.

"Mwalimu, picha ya filigisi imefika?"

"Bado, Baba. Iko Eldoret."

"Eldoret ni Ulaya?"

Walimu wenzangu wanacheka ndani, mimi natoka jasho.

Kumbe Baba Mdogo alikuwa na sababu. Alikuwa amewaambia watu wa Matulo kwamba kaka yake alimkatia firigisi, na hawakuamini. Walimwambia, wewe ulipewa shingo, bana, wacha uongo. Akawajibu kuna picha, ngojeni. Basi wakangoja. Kila akipita sokoni wanamuuliza ile picha iko wapi.

Ijumaa moja ya Machi hakuuliza. Alisema polepole, "Nimeelewa. Kaka yangu amekwambia uifiche. Anaona haya kuonekana na mimi."

Nikajaribu kumkatalia, akavaa kofia akaenda. Pasaka walikuwa wamepanga kuila pamoja Saboti, na hakwenda. Mama aliwapikia watu ambao hawakuja.

Pale niliogopa kweli. Miaka kumi na moja ya kununa, wazee wanne, kuku, machozi, halafu yote yabomoke kwa sababu mimi nilitaka kuokoa picha mbili. Nilijichukia sana.

Nilikwenda Saboti nikamkuta baba anapukuchua mahindi. Nikamwambia yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliendelea kupukuchua gunzi moja mpaka likaisha.

"Kwa hivyo watu wote wale tulikuwa tunachekea ukuta," akasema. Halafu akaongeza, "Mimi kazi yangu ya kukata nilifanya. Ya kumwambia, enda ufanye wewe."

Nikarudi Matulo. Baba Mdogo alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha kiti. Nikamweleza ulimi, kijiti, ncha. Sidhani alielewa nusu yake. Mwishoni akauliza jambo moja tu.

"Kaka yangu anajua haikutoka?"

"Alijua juzi tu, Baba."

Akasema, "Basi turudie. Na kuku awe wangu."

Nilidhani mambo yamekwisha. Sasa tafuta filimu, maana ile ya Desemba niliivuta nje yote kwa hasira usiku ule ule, ikaungua na mwanga.

Webuye hakuna. Bungoma, lile boksi la urembo bado liko dirishani, sasa limepauka. Kitale, Bwana Jagat anasema mzigo kutoka Nairobi haujafika. Aprili haujafika. Mei ulifika, ni betri za redio peke yake. Juni nilimweleza kisa chote, firigisi na yote, kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyenichomekea filimu. Alinisikiliza akitengeneza saa ya mtu.

Agosti nilirudi dukani. Bwana Jagat aliingia nyuma, nyumba yake ilikuwa huko huko, akarudi na filimu baridi mkononi. Alikuwa ameitoa kwenye mzigo kabla haijapanda rafuni, akaiweka kwenye friji ya mkewe katikati ya pilipili.

"Hii moja iko ya kaka wawili," akasema. "Wewe chomeka mzuri."

Nilichomeka vizuri. Nilizungusha mara tatu, nikapoteza picha tatu kwa moyo mweupe, na nikahakikisha kikono cha kurudishia kinazunguka chenyewe kila ninaposogeza picha, ishara kwamba filimu inavutwa.

Baba akaja Matulo. Mama Mdogo akapika jogoo mkubwa. Safari hii mwenye boma ni Baba Mdogo, kwa hivyo kisu alishika yeye. Akaikata firigisi, nusu akampa kaka yake mkononi, na majirani wale waliosema alipewa shingo wamejaa mlangoni. Nikabonyeza. Nikapiga nyingine tano, wazee wamekaa, wazee wamesimama, kila mara naangalia kikono. Kinazunguka. Nilikaribia kulia.

Nikaweka kamera juu ya meza, nikatoka nje kunawa mikono.

Wakuu, ilikuwa kunawa mikono tu.

Niliporudi, Baba Mdogo alikuwa ameishika kamera mapajani. Mlango wa nyuma wa kamera uko wazi. Amesogea karibu na dirisha ili aone vizuri. Kidole chake kiko juu ya filimu.

"Nimeangalia," akaniambia kwa utulivu. "Leo iko ndani."

Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nikamnyang'anya, nikafunga, nikaketi chini sakafuni. Baba akaanza kumgombeza mdogo wake kwamba hana subira tangu utotoni. Mdogo akajibu kwamba aliyewahi kudanganywa lazima ahakikishe. Nikaona yale ya miwa yanarudi.

Halafu baba akanigeukia mimi.

"Na wewe, si ni mwalimu? Kwa nini hukutuambia hiyo kitu haifunguliwi?"

"Ndiyo," Baba Mdogo akadakia. "Kazi ni kutumalizia kuku tu. Mara hakuna filimu, mara iko lakini ati haionwi."

Wakaendelea hivyo, huyu anaanzisha, yule anamalizia, ugali ukiendelea kuliwa. Jioni walitoka kwenda kuangalia miwa, wakitembea pamoja, na hata wakiwa mbali nilisikia wananisema. Sikuwahi kutukanwa vizuri hivyo.

Filimu niliituma hivyo hivyo, nikijua imekwisha. Wiki tatu baadaye Bwana Jagat akanipa bahasha. Kati ya sita, tano ni nyeupe tupu. Ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa imezungukwa na nyingine, ilipona nusu. Wekundu umeingia kutoka upande mmoja ukala bega la Baba Mdogo, sikio na jicho. Lakini katikati kuna sahani, na mikono ya watu wawili.

Nilimpelekea kwa aibu. Aliisogeza karibu na dirisha.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Baba."

"Na huu mkono ni wa kaka."

"Ndiyo."

"Inatosha," akasema. Siku hiyo hiyo aliipeleka sokoni, kabla ya kuitafutia fremu.

Studio sikufungua. Wazee wote wawili tumeshawazika, mmoja Saboti, mmoja Matulo, na picha yao wakiwa pamoja ni hiyo moja tu.

Funzo langu kwa wanaoanza filimu: zile picha mbili tatu za mwanzo si zako, ziache ziende. Angalia kikono kinazunguka. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, usipeleke uongo Eldoret. Na kamera usiiache mezani bila kueleza watu kwamba haifunguliwi.

Picha bado iko ukutani kwa Baba Mdogo. Maisha yake yote, mgeni akiuliza ule wekundu ni wa nini, alikuwa akinyoosha kidole pale pale jicho lake lilipopotea, anajibu bila aibu:

"Hapo ndipo nilipoangalia kama tumo."

Haya, na nyinyi mliowahi kupiga hewa harusini au matangani mkanyamaza, uwanja ni wenu, ungameni hapa chini. Na yule kijana wa app, nakungoja.