Barafu ya Samaki Kwenye Turubai la Kahawa

Saa saba na dakika ishirini mchana shemeji yangu alianguka kwenye gwaride, katika kambi ya jeshi karibu na Bwera. Nilikuwa getini nikimsubiri, gari langu limebeba masanduku matatu ya samaki wa barafu kutoka Kasese.

Nilipoingia zahanati ya kambi, wenzake walikuwa wamemfunika mablanketi mawili. Kwetu mwenye homa hufunikwa mpaka atoke jasho; mama alinilea hivyo. Lakini hii haikuwa homa, lilikuwa jua. Ngozi yake iliwaka, naye alikuwa akiongea na baba yake aliyekwisha kufa. Kipimajoto cha muuguzi kilisoma nyuzi 41.8.

Miaka ya nyuma mbeba mizigo wangu mmoja alikufa hivyohivyo, chini ya blanketi nililomfunika mimi. Tangu hapo nilisoma kila kitabu cha uuguzi nilichoweza kuazima.

"Dada, toa mablanketi," nilimwambia muuguzi. "Tumpoze hapa kwanza, hospitali baadaye. Njiani ubongo utaharibika."

Sajini wake alicheka aliponiona nikirudi kutoka garini na masanduku ya samaki. "Mzee wa samaki, unataka kumugandisha umuuze sokoni Mpondwe?"

"Cheka, afande, lakini shika hapa." Nikampa pembe ya turubai langu la kukaushia kahawa, lililokuwa likifunika masanduku.

Muuguzi alitazama tena kipimajoto. "Mushike!" akaamuru.

Tulimlaza katikati, askari wanne wakainua pembe, turubai likawa beseni. Nilimwaga ndoo sita za maji na barafu yote, magamba yakiwemo. Muuguzi alishika kichwa kisizame. Askari waliyumbisha turubai ili maji yasitulie. Muuguzi alipima kila baada ya dakika chache: 40.9. 40.1.

Shemeji akaanza kutetemeka.

"Munamuua!" Sajini alitaka kushusha pembe yake.

"Shikilia, afande. Bado."

Hakuachia. Kwenye 39 nikasema, "Mtoe." Ukichelewa hapo, mwili unaendelea kushuka wenyewe, na baridi nayo inaua. Tulimkausha, tukamlaza kwenye gari la kambi. Kabla mlango haujafungwa alifumbua macho.

"Shemeji," akasema, "mbona nanuka soko?"

Sajini aligeuka ukutani, akapangusa uso kwa kofia.

Shemeji alikaa hospitali siku nne, akarudi akijua majina ya watoto wake wote. Samaki walioza siku ileile, masanduku yote matatu. Hasara: shilingi 430,000.