Droo ya Chini

Juzi dukani kijana muuzaji alivuta reli ya droo ili niione, ile ya chuma yenye gololi ndani, ikateleza kwa mnong'ono mdogo wa mafuta. Nikaruka nyuma. Mnivumilie jamani, mtu mzima kuogopa droo.

Nilikuwa na miaka mitano, tukikaa Mbugangari, mpakani karibu na Goma, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wapiganaji wa porini, abacengezi, walikuwa wakishuka usiku kuua watu, na wakubwa walinyamaza ghafla kila sisi watoto tulipoingia. Katikati ya hofu hiyo mama akaenda nami kuagiza kabati. Hata mimi niliona ajabu.

Karakana ya fundi Bosco ilinuka gundi na unga wa mbao za mikaratusi.

"Mama Aline, hii reli ya mbao unapakaa sabuni, inateleza bien," alisema.

Mama akavuta droo ya kabati la mfano, ikalia. Akatikisa kichwa. Akajaribu ya chuma yenye vigurudumu, nayo ikagonga mwishoni. Ya gololi, iliyovushwa kutoka Goma, iliingia kimya. Aliivuta na kuirudisha amefumba macho, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

"Inaweza beba kitu ya uzito?"

"Bon, inategemea. Utaweka nini?"

"Manguo."

Kisha akaninyanyua, akanilaza ndani ya droo hiyo magoti yakiwa kifuani, akaisukuma ikafunga. Giza tupu. Niliogopa hadi nikasahau kupumua. Aliniambia nisilie, kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani. Nilidhani najua kosa langu: asubuhi nilikuwa nimemwaga maziwa.

Aliponitoa, Bosco hakuwa akisifia reli zake tena.

"Huku nyuma usifunge mbao," mama akamwambia.

"Ndiyo, mama," akajibu, akiangalia chini.

Kabati likaja nyumbani. Nguo zetu zilibanana juu, droo ya chini ikawekwa shuka moja tu. Nikawa mtoto mtiifu kupita kiasi, majirani wakamsifu mama kwa malezi, kumbe naogopa kufungiwa. Utulivu uliporudi, alijaza humo viatu vyetu.

Nilikuja kuelewa nilipozaa. Hakuwa akinitisha. Alikuwa akinichagulia pa kujificha, na kule nyuma aliacha wazi ili nipate hewa.

Kijana wa dukani akaniuliza, "Mama, unataka ya kubeba uzito gani?"

Binti yangu alikuwa amening'inia kwenye kitenge changu. Nikayatazama magoti yake, nikamjibu, "Ya manguo tu."